Mdhamini wa Mama Chupa

Jina la Mama Chupa alipewa na wanafunzi, na halikuwa la dharau. Alikuwa fundi wa maabara ya maji katika chuo kikuu, kazi aliyoianza akiwa na cheti kimoja na koti jeupe la kuazima. Kwa miaka kumi na minane kila neli na kila chupa ya sampuli ilipita mikononi mwake kabla haijafika kwa msomi yeyote. Wanafunzi thelathini na mmoja walikuwa wamepata shahada ya uzamivu mle ndani huku yeye akiwaoshea vyombo, akiwafufulia mashine, na mara nyingine akiwasahihishia hesabu kwa penseli, taratibu, ili isionekane kuwa ni yeye aliyewasahihisha.

Siku moja akajiuliza, hawa wananizidi nini? Akaanza masomo ya jioni. Akapata shahada ya kwanza, akapata ya pili, na alipofika miaka arobaini na miwili akajisajili kwa ile ya tatu, ya uzamivu. Utafiti wake ulihusu nitrati, chumvi isiyoonekana wala kunusika, inayoingia visimani kutoka kwenye vyoo na mbolea. Mtu mzima anaweza kuinywa miaka na asihisi kitu. Mtoto mchanga wa maziwa ya kopo haimpi nafasi hiyo: inainyima damu yake hewa.

Kusoma alikuweza. Kulipa ndiko kulikomtoa jasho. Chuo kilikuwa na utaratibu kwa wafanyakazi wake: nusu ya ada kinasamehe chuo, nusu unalipa mwenyewe, na unasaini mkataba kwamba usipomaliza utarudisha kila senti uliyosamehewa. Mkataba ulitaka pia mdhamini mwenye mshahara, wa kukatwa endapo mwenyewe utashindwa. Mume wake alikuwa seremala. Alikuwa na msumeno na kipimo, lakini karatasi ya mshahara hakuwa nayo. Ikabidi aende kwa mdogo wake, muuguzi mkuu wa zahanati moja nje kidogo ya mji.

Alimkuta katikati ya foleni ya akina mama na watoto.

"Ni karatasi tu, mdogo wangu," alimwambia. "Saini hapa niwahi gari."

Mdogo wake alisaini juu ya boksi la glavu, bila kusoma, akarudi kwa wagonjwa wake. Dada mkubwa akisema ni karatasi tu, basi ni karatasi tu. Mama Chupa aliondoka haraka, na njia nzima alijisemea kwamba hakudanganya; amefupisha tu.

Ile nusu yake aliilipa kwa samani. Kila muhula ulikula vitanda viwili na kabati moja kutoka karakana ya mume wake, na pengo lililobaki aliliziba kwa kusahihisha mitihani ya shule jirani. Mume wake alizoea kuwaambia wateja, "Huyu mke wangu analalia vitanda vingi kuliko mfalme, na vyote vimeshauzwa." Miaka miwili ikaenda hivyo. Mwaka wa tatu mashine kubwa ya kupimia iliungua, na kipuri chake kilichukua miezi kumi na moja kufika. Mashine ilikuwa imesimama, lakini kalenda ya chuo haikusimama nayo.

Ndiyo maana barua ilimkuta katika mwaka wa sita, tasnifu imekamilika, imebaki kutetewa mbele ya jopo. Tarishi aliileta Jumatatu saa nne asubuhi. Mama Chupa aliifungua kwa mikono yenye mapovu. Msamaha wa ada, ilisema, huwa ni wa miaka mitano. Kwa mwaka wa sita anadaiwa ada nzima pamoja na faini, na fedha hizo zilipwe ndani ya siku kumi na mbili, kabla ya Ijumaa ya wiki inayofuata saa sita mchana. Asipolipa, jina lake litafutwa kwenye daftari la wanafunzi na mkataba utaanza kufanya kazi.

Alipiga hesabu kichwani: mishahara yake ya miezi saba. Lakini kilichomkata maini kilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo. *Nakala: Mdhamini.*

Alikwenda mbio ofisi ya mhasibu. Karani wa dirishani alikuwa kijana mpole, na upole wake haukumsaidia kitu.

"Mama, mimi nasoma kilichoandikwa."

"Mashine iliharibika mwaka mzima. Si kosa langu."

"Uliandika barua ya kusimamisha masomo?"

Hakuandika. Alikuwa akihangaika na kipuri.

"Hiyo nakala ya mdhamini," aliuliza, "mmeshaituma?"

"Imeondoka asubuhi."

Profesa, msimamizi wake, alikwenda kwa mkuu wa kitivo siku hiyo hiyo, akarudi na uso uliosinyaa. "Wanasema sheria ni sheria. Jopo limepangwa mwezi ujao na halihamishwi. Wewe hakikisha tu ukifika siku hiyo bado ni mwanafunzi."

Mdogo wake alitokea maabara Jumatano, bado yuko kwenye sare ya kazi. Hakumwamkia. Tangu utoto wao hajawahi kuingia mahali alipo dada yake bila shikamoo, na siku hiyo aliingia, akasimama ng'ambo ya meza, akaweka barua juu ya vigae vyake.

"Hii ni nini?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Uliniambia ni karatasi tu."

"Nilidhani haitafika huku."

"Wewe ulidhani. Mimi sikupewa hata nafasi ya kudhani." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililotisha. "Wanasema watanikata theluthi ya mshahara kwa miaka sita. Nyumba yangu imesimama kuta tupu miaka mitatu, dada. Mwezi ujao ndiyo nilikuwa napaua. Nimeshaweka hela ya mabati dukani, yote."

"Nitalipa mimi. Hawatakugusa."

"Utalipa kwa nini? Kwa chupa?"

Neno lile lilimwingia Mama Chupa kama kipande cha kioo. Mdogo wake alichukua barua, akaikunja mara nne, akatoka.

Kwa siku nne zilizofuata Mama Chupa aliandika ujumbe kwa wale thelathini na mmoja. Aibu aliimeza. Wengine walikuwa wakubwa sasa, wana maofisi na madereva. Tisa walijibu. Sita walimtumia dua. Watatu walituma fedha, na aliyetuma nyingi kuliko wote alikuwa yule aliyewahi kuvunja bireti, zile neli ndefu za kupimia, kumi na moja katika mwaka mmoja, ambaye Mama Chupa alimwambia usoni kwamba akaoe mapema maana usomi haumtaki. Mume wake akauza mbao ngumu alizokuwa akizikausha tangu mwaka juzi, bila kuulizwa. Ilipofika Jumatatu ya wiki ya pili walikuwa na nusu. Nusu ya pili haikuwa na mlango wa kutokea.

Siku iliyofuata mlango ukafunguka, na aliyeingia alikuwa Mheshimiwa.

Hakuwa mheshimiwa wa kuchaguliwa. Aliitwa hivyo kwa mwendo wake. Alikuwa mkubwa katika idara moja ya maji, naye akisomea uzamivu, ila yeye hakujua uchungu wa ada. Mwajiri wake alimlipia kila kitu: chuo, vitabu, gari la utafiti na posho ya kwenda kuchota maji ya kupima nitrati kwenye visima sitini. Posho alikuwa ameipokea yote. Visima alikuwa amekwenda ishirini.

Alifunga mlango nyuma yake, akaweka orodha juu ya meza.

"Arobaini vimebaki, mama. Wewe maji ya huku unayajua kwa moyo. Ukiandika kumi na mbili, ukiandika kenda, nani atabisha?"

"Unataka nikubunie."

"Nataka unisaidie. Na mimi nikusaidie." Akataja kiasi, na kilikuwa nusu ile ile, kama aliyechungulia kwenye mkoba wake. Barua za mhasibu, alikuja kujua baadaye, hazikai siri muda mrefu. "Alhamisi asubuhi nakuja na bahasha. Ijumaa unalipa. Nani ameumia?"

Akatoka bila kungoja jibu. Orodha ilibaki mezani.

Jumatano asubuhi alijifungia, akavuta kiti. Alichukua kalamu akitarajia mkono ukatae, lakini mkono haukukataa. Kisima cha kwanza, kumi na mbili. Cha pili, tisa. Cha tatu akaweka kumi na nne nukta tatu, maana namba za kweli hazipendi kuwa kamili. Kilichomtisha ni jinsi zilivyotoka tamu. Miaka yote ile ya kusoma namba za haki ilikuwa imemfundisha kutengeneza za uongo zisizo na doa. Akafika kumi na sita. Jasho lilikuwa likimtiririka mgongoni na chumba kilikuwa na baridi.

Akasoma mstari wa kumi na saba. *Kisima cha zahanati.* Ilikuwa zahanati ya mdogo wake.

Kalamu ikasimama. Alikumbuka mazungumzo ya mwaka uliopita, mezani, watu wanakula. Mdogo wake alieleza habari za mtoto wa wiki saba aliyeletwa na midomo ya rangi ya wino. Moyo ulikuwa mzima, mapafu mazima, na hakuna aliyejua amepatwa na nini. Wakamkimbiza hospitali kubwa. Mama Chupa alikuwa na mitihani ya watu ya kusahihisha siku hiyo. Alisikia kwa sikio moja. Alitafiti nitrati kutwa nzima, na nitrati ilipotajwa mezani kwake bila jina hakuigeukia.

Alichukua chupa moja safi, akavua koti, akapanda basi. Zahanati ilikuwa imefurika watu na hakumwona mdogo wake. Alikwenda nyuma, akapampu maji kwanza mpaka yakatoka yaliyokaa chini, akajaza chupa, akaifunga, akarudi.

Mashine ilisema themanini na tatu. Kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa ni miligramu hamsini kwa lita. Akapima tena: themanini na nne. Akaosha kila kitu upya, akapima mara ya tatu: themanini na tatu.

Alikaa akiiangalia namba ile. Kisha akaichana karatasi aliyoandika visima kumi na sita, vipande vidogo vidogo, akavitia kwenye pipa la taka.

Mheshimiwa alikuja Alhamisi saa mbili na nusu, bahasha kwapani.

"Zipo?"

"Ipo moja. Kisima cha zahanati, themanini na tatu. Nimekwenda mwenyewe."

Alitazama karatasi, akacheka kidogo. "Hii itanizulia maswali. Kile tulikichimba sisi. Andika arobaini na tano."

"Andika mwenyewe."

"Mama, kesho saa sita dirisha linafungwa."

"Najua. Nina saa."

Kicheko kikamfutika usoni. Akaibana bahasha kwapani, akachukua orodha yake, akaenda hadi mlangoni. "Basi utaosha chupa mpaka ufe," alisema, kwa utulivu kabisa, kama anayemtakia siku njema.

Mlango ulipofungwa, Mama Chupa aliifuta meza pale orodha ilipokuwa. Bahasha imeondoka, mabati ya mdogo wake yameondoka nayo, ndivyo alivyowaza. Halafu akachukua karatasi ya majibu ya kisima, akapanda basi tena.

Mdogo wake alikuwa chumba cha dawa akihesabu chanjo. Alipomwona aligeuka kidogo tu.

"Kama umekuja kwa habari ya hela, sina."

"Nimekuja kwa habari ya maji. Kisima chenu kina sumu ya watoto."

Akamweleza, namba kwa namba. Muuguzi alisikiliza amesimama, na alipofahamu, rangi ilimbadilika.

"Yule mtoto," alisema. "Midomo ya wino."

"Ndiyo."

"Mama yake nilimwambia mimi. Nilimwambia usichote mtoni, chota hapa, hapa ni salama, changanya maziwa." Akashika shavu. "Mimi mwenyewe, dada."

Hawakuwa na muda wa kulia. Muuguzi alitoka, akafunga mpini wa pampu kwa mnyororo wa baiskeli, akaandika kwa wino mwekundu kwenye kadibodi kwamba maji haya ni marufuku kwa watoto wachanga na wajawazito, akapiga simu tatu mpaka akapata ahadi ya tangi la maji jioni ile ile. Foleni nzima ilimtazama akifanya hivyo. Aliporudi ndani, mikono bado ina kutu ya mnyororo, akauliza:

"Nani mwingine anaijua namba hii?"

Mama Chupa akamwambia habari ya Mheshimiwa, orodha na bahasha.

"Kwa hiyo hela ilikuwa mezani ukaiacha."

Ingekuwa rahisi kukubali sifa ile. "Nilikuwa nimeshaandika kumi na sita za uongo kabla sijaacha," alisema. "Kama kisima chako kisingekuwamo, sijui ningeishia wapi."

Nje mtoto alikuwa akilia kwa sindano.

"Mwaka ule," mdogo wake alisema, "ungeniambia ukweli kama hivi, ningesaini."

"Najua."

"Hujui. Ndiyo maana hukuniambia. Ulidhani nitakataa." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kesho saa mbili kamili, duka la vifaa vya ujenzi. Wakifungua tu. Na nisikilize vizuri: sijakusamehe. Nakukopesha."

Ijumaa mwenye duka la mabati alifungua saa mbili na nusu, akasikiliza, akakuna kichwa. Kurudisha fedha anarudisha, lakini fungu moja katika kumi linabaki la usumbufu. Muuguzi alibishana naye mpaka sauti ikamkauka; fungu halikusogea. Walitoka wamepungukiwa. Mama Chupa alimpigia mume wake wakiwa njiani, na seremala hakuuliza swali. Alikwenda kwa mteja aliyeagiza kabati akamwomba malipo yote mbele, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya useremala, na mteja akakubali kwa sharti kwamba kabati liwe na kioo cha bure.

Benki walifika saa nne. Foleni ilikuwa ndefu kama siku isiyo na chakula. Saa nne na dakika arobaini, wakiwa wamebakiza watu sita, mtandao ukakatika. Wahudumu waliegemea viti. Dada na mdogo walisimama bega kwa bega, macho kwenye saa ya ukutani, na kila mmoja alisikia pumzi za mwenzake. Saa tano na robo. Saa tano na dakika ishirini na tano. Fedha ya kabati iliingia kwenye simu, lakini ilifaa nini kama mtandao umelala? Saa tano na dakika thelathini na mbili, mhudumu mmoja akasema, "Umerudi," na mzee aliyekuwa mbele yao, ambaye alikuwa amekiona kila kitu, akasogea pembeni. "Piteni. Mimi natoa tu, wala si nyingi."

Kutoka benki hadi chuoni ni mwendo wa dakika kumi na tano. Walikwenda kwa saba, mmoja wa miaka arobaini na minane na mwingine wa arobaini na mmoja, kiatu kimoja kikiwa mkononi. Karani alikuwa ameshika kamba ya pazia la dirisha. Aliitazama stakabadhi, akaitazama saa, akamtazama Mama Chupa aliyekuwa akihema. Akachukua muhuri.

Wiki tano baadaye alitetea tasnifu yake kwa saa tatu. Mtahini wa nje alimuuliza kwa nini ameongeza kisima kimoja mwishoni kabisa, nje ya mpango wa utafiti, akataka maelezo ya kutosha, akayapata. Alipita, kwa sharti la kusahihisha sura mbili.

Habari ya Mheshimiwa aliifikisha kwa Profesa. Profesa akaomba ushahidi, na ushahidi alikuwa ameuchana kwa mikono yake. Mheshimiwa alipata fundi mwingine mahali pengine, na siku ya mahafali alikaa safu ya mbele yake, joho limemkaa vizuri. Hilo lilimuuma na liliendelea kumuuma. Lakini kisima cha zahanati kilizibwa, kikachimbwa kirefu zaidi upande wa juu wa vyoo. Yule mtoto wa midomo ya wino, muuguzi alimtafuta mpaka akampata: alikuwa amepona hospitalini, na mama yake alikuwa amehamia mtaa mwingine, maji mengine. Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea.

Mkopo wa mabati ulilipwa kwa miaka miwili na miezi minne, kila tarehe mbili, mkono kwa mkono. Mshahara wa Mama Chupa haukupanda. Nafasi za uhadhiri zilikuwa zimefungwa, akaendelea na maabara yake. Shikamoo ya mdogo wake ilirudi mwezi wa tatu wa malipo, ghafla, kwenye simu, na hakuna aliyeizungumzia.

Kilichobadilika haraka ni mtaani. Jumapili moja baada ya mahafali jirani alibisha hodi akiwa na mtoto anayechemka homa.

"Tumesikia siku hizi wewe ni daktari."

Mdogo wake alikuwa pale sebuleni, amekuja kuchukua fedha ya mwezi. Aliinuka, akampokea mtoto, akamgusa paji la uso.

"Mlete kwangu," alimwambia jirani. "Huyu ni daktari wa visima. Mtoto wako akikauka ndiyo umpeleke kwake."

Mama Chupa akacheka mpaka akashika mbavu, akaenda kuchemsha maji.